Mbili Kati ya Kumi

Mtu wa huku vilimani ukimuuliza hali, atakwambia hana la kulalamika. Usimwamini, ila usimbishie pia. Baba yake jirani yetu Gib Tollefsen alikutwa amelaliwa na trekta lake mwenyewe, magurudumu juu kama mende, wakamuuliza u hali gani, akasema si haba, ila wakiwa na nafasi walinyanyue kidogo avute pumzi. Alizikwa Jumanne. Mpaka leo watu wanamsifu.

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa siku ile nesi wa kliniki alipomuuliza Duane Kucera maumivu yake ni mangapi, kuanzia sifuri mpaka kumi. Nyonga ya Duane ilikuwa imevunjika mahali patatu. Alivua kofia, akaiweka juu ya tumbo, akafikiri kwa heshima zote kama mtu aliyeulizwa bei ya dume la mbegu, kisha akasema, "Labda mbili, mama."

Nesi akaandika mbili. Hiyo ilikuwa Mei ya mwaka jana. Tangu siku hiyo ameulizwa mara kumi na nne, na mara kumi na nne pameandikwa mbili. Mtu mwenye msimamo.

Asubuhi ya Jumatano, katikati ya Septemba, Duane alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, mikono imeshika pembe za meza, na mkewe Arlys amepiga magoti sakafuni akimvalisha soksi. Soksi si tatizo. Tatizo ni buti. Buti la kulia lilitaka mguu unyooke, na mguu kunyooka hautaki. Arlys alishamwambia mara mia avae viatu vya kawaida, vile vya kamba laini alivyomnunulia mjini, na mara mia Duane alimjibu kwamba viatu vile ni vya watu wanaokwenda kutembea bila kuwa na mahali wanapokwenda.

"Moja, mbili," Arlys akasema, na kwenye tatu akasukuma.

Duane hakutoa sauti. Jasho tu lilimtoka juu ya mdomo, na kikombe cha kahawa mezani kikatetemeka kwa jinsi alivyoibana meza.

"Pole," Arlys akasema.

"Ya nini?"

Arlys alinyanyuka akapangusa magoti. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mpishi wa shule iliyo maili arobaini kutoka hapo, na mshahara wake ulitosha kununua petroli ya kwendea kupika shuleni. Kwa miaka thelathini na mmoja mume wake amekuwa mchunga ng'ombe wa kuajiriwa wa ranchi hii, na nyumba waliyokaa ni ya ranchi. Kazi ikiondoka, nyumba inaondoka nayo. Bwana Lindgren, msimamizi mpya, amekuwa mwema mwaka mzima, na kila mara alipokuja aliutaja wema huo. Wiki iliyopita alikuja kusema kwamba wema umefika mwisho: mfanyakazi mwingine amepatikana, ana watoto watatu, anaingia tarehe mosi Novemba.

Basi yote yakabaki juu ya kikao cha kesho. Saa nne asubuhi, mbele ya hakimu wa mafao ya ulemavu. Akikubali, watapata fedha za kupangia nyumba ndogo mjini, na baadaye matibabu, na ile nyonga itafunguliwa na kufungwa upya na mtu aliyesomea. Akikataa, kuna karavani ya kaka yake Arlys, nyuma ya gereji, ambayo haina choo.

Simu ililia saa mbili. Alikuwa Bi Pacheco, wakili, msichana wa miaka ishirini na tisa aliyejaa haraka. Arlys aliweka simu katikati ya meza ili wote wasikie.

"Bwana Kucera, nimekesha na faili lako," sauti ikasema. "Kila ukurasa ni mbili. Mbili, mbili, mbili. Kesho ukiulizwa, usiseme mbili."

"Unataka nidanganye, mama?"

"Nataka useme kweli."

"Hiyo ndiyo kweli."

"Bwana Kucera, nina picha ya mifupa yako hapa mbele yangu. Inafanana na sahani iliyodondoka."

Duane akaikwaruza meza kwa ukucha. "Ngoja nikueleze. Unamjua Walt Sedlacek?"

"Hapana."

"Mashine ya kufungia majani ilimshika mkono, ikauchukua hapa, begani. Akatembea nusu maili mpaka nyumbani. Akavua buti mlangoni asichafue zulia la mkewe, ndipo akaomba simu."

"Masikini. Sasa huyo ndiye kumi?"

"Walt alisema nne."

Arlys akaangalia dirishani, kwa sababu angemwangalia mumewe angecheka, na kucheka kungegeuka kitu kingine.

"Kwa hiyo utaona, mama," Duane akaendelea kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Walt akiwa nne, mimi nikisema nane, nitamtazama vipi kanisani?"

"Walt hayuko kwenye kesi hii."

"Anakaa benchi la mbele yangu."

Bi Pacheco akauliza kwa mara nyingine lile alilouliza tangu mwanzo: je, hataki kabisa kudai kwenye bima ya Gib Tollefsen? Maana ajali ilitokea kwa Gib, siku ya kupiga chapa ndama. Siku hiyo majirani wote huja na farasi na kamba zao. Halipwi mtu, malipo ni chakula cha mchana, na kujua kwamba wiki ijayo wote watakuja kwako. Farasi wa Duane aliteleza kwenye nyasi mbichi, ndama akiwa kambani, akamlalia. Bima ya kazi ilipouliza kama alikuwa kazini, Duane alijibu hapana, alikuwa kwa jirani. Wakafunga faili wakamtakia kila la heri.

"Nimshitaki mtu niliyekula kwake?" Duane akasema.

"Hushitaki mtu, unadai bima."

"Nilikula kwake, mama. Nyama, viazi, na keki mara mbili."

Simu ilipokatwa, Arlys akakaa. "Duane. Kesho nataka uniruhusu niseme."

"Useme nini?"

"Ya hapa ndani."

"Ya hapa ndani ni ya hapa ndani." Hakupandisha sauti, hajawahi. "Na lile la Agosti ulinipa neno lako."

"Nilikupa."

"Basi."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ila wahenga hao hawakuzaliwa vilimani huku. Hapa mficha uchi anazaa watoto sita, na wote wanaufuata mwendo wake.

* * *

Kikao kilikuwa kwenye chumba cha kukodi mjini, katikati ya duka la miwani na ofisi ya kujazia watu fomu za kodi. Mwendo wa saa moja na nusu. Arlys ndiye aliyeendesha. Duane alivaa shati jeupe lenye vifungo vya kubana, lile la mazishi, na kofia yake nzuri. Kwenye ngazi tatu za mlangoni alisimama kumpisha mama mmoja aliyekuwa akitoka, akamshikia mlango, akamgusia ukingo wa kofia. Mama yule alishukuru akaondoka bila kujua kwamba mtu aliyemshikia mlango alikuwa ameushika ili asianguke.

Hakimu hakuwepo. Alikuwa kwenye skrini ukutani, mwanamke mwenye mvi na miwani, yuko mji mwingine. Duane hakujua aivulie kofia skrini au la. Akaivua. Halafu hakujua aiweke wapi, maana meza ilikuwa na makaratasi, na kofia haiwekwi sakafuni. Akakaa nayo mapajani kikao kizima, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenziwe.

"Bwana Kucera, unaweza kutembea?" hakimu akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Umbali gani?"

"Mpaka ninapokwenda."

Bi Pacheco akakohoa.

"Unaweza kunyanyua mzigo? Tuseme wa kilo kumi?"

"Kama lazima unyanyuliwe."

"Na kama si lazima?"

"Sasa huo wa nini kuunyanyua, mama?"

Hakimu aliandika kitu. Si mwanamke mbaya. Alikuwa na faili saba siku hiyo, na hili lilikuwa la tatu. Waongo kumi wa wiki ile walikuwa wamelia mbele yake, mmoja akiwa na fimbo aliyoisahau akitoka. Mbele yake sasa alikaa mtu mnyoofu, mwenye shati safi, asiyelia.

"Kwa sasa, hapo ulipokaa, maumivu ni mangapi?"

Arlys aliona kidole cha Duane kikizunguka ukingo wa kofia. Alijua. Kwenye kiti kile cha plastiki alikuwa amekaa dakika ishirini, na nyumbani hamalizi saba.

"Nakubaliana na walivyoandika kliniki," Duane akasema.

"Yaani mbili."

"Ndiyo, mama."

"Tangu ajali umewahi kufanya kazi yoyote ya ranchi? Kupanda farasi?"

Bi Pacheco alianza kutabasamu, maana hilo angalau lilikuwa na jibu zuri.

"Mara moja," Duane akasema. "Agosti hii."

Tabasamu likafa. Bi Pacheco akafumba macho kama abiria anayeona lori linamjia. Nje ya nyumba yao hakuna aliyekuwa na habari hiyo. Hakuna hati, hakuna shahidi. Angesema hapana, ingekuwa hapana. Lakini Duane aliapa mwanzoni mwa kikao kusema kweli, na Duane hajui kuapa nusu.

"Ulipanda farasi," hakimu akarudia, akiandika.

"Ndiyo, mama."

"Kwa muda gani?"

"Kama dakika arobaini."

Kalamu ikaenda. Arlys aliisikia kwenye spika za skrini, ikikwaruza, na akaona nyumba ndogo ya mjini ikifutika, mlango na madirisha yake. Akanyanyua mkono kama mwanafunzi.

"Mimi naweza kusema?"

"Arlys," Duane akasema.

Wakili akasema ndiyo, mke ni shahidi, jina lake limo kwenye orodha. Hakimu akamwapisha. Duane hakugeuka. Alitazama ndani ya kofia yake.

"Alipanda, ni kweli," Arlys akasema. "Mimi nilikuwa shuleni kusafisha jiko kabla ya kufungua. Alijiburuza mpaka zizini, akapanga mabunda mawili ya majani, akapanda juu yake, kisha juu ya farasi. Hatua tatu tu farasi alikwenda. Duane akashindwa. Hakuweza kwenda, hakuweza kushuka. Akakaa juu pale, amejitapikia shati, farasi masikini amesimama tu. Hizo ndizo dakika arobaini. Alikuwa akinisubiri mimi."

Hakimu aliacha kuandika. "Alishukaje?"

Neno lake Arlys alilitoa jikoni Agosti ile, mumewe akiwa amemshika kifundo cha mkono. Duane hakuwahi kumwomba kitu kingine katika miaka thelathini na minne ya ndoa, hata chumvi huifuata mwenyewe.

"Nilileta trekta," akasema. "Nikanyanyua lile koleo la mbele mpaka usawa wa tandiko. Akajilaza ndani. Nikamshusha polepole. Ndivyo tunavyobeba ndama waliokufa. Nikampeleka hivyo hivyo mpaka mlango wa nyuma, maana kutembea hakuweza. Alifunika uso kwa kofia njia nzima, wakati hapakuwa na mtu. Kuku tu."

Duka la miwani upande wa pili walicheka kitu chao.

"Analala kwenye kiti. Mimi humvalisha soksi. Chooni anakwenda akishika ukuta, na siku nyingine ukuta hautoshi. Mama hakimu, huyu mtu hajawahi kunidanganya. Ana uongo mmoja tu duniani, na anampa kila anayemuuliza hali."

Hakimu akavua miwani. Alikuwa amekwishaguswa, hilo Bi Pacheco aliliona na kulihesabu. Kilichobaki ni neno moja.

"Bwana Kucera, aliyoyasema mkeo ni kweli?"

Ndani ya kichwa chake mambo mawili yalikuwa yamefunga pembe kama madume kwenye lango jembamba. Mwanamume halilii maumivu mbele ya watu. Na mwanamume haruhusu mkewe aitwe mwongo mbele ya watu. Hakufundishwa ni lipi lipite kwanza. Masikio yalimwiva mekundu.

"Mke wangu hasemi uongo, mama," akasema hatimaye.

"Kwa hiyo ni kweli? Maumivu yako si mbili?"

"Nimesema mke wangu hasemi uongo."

"Nahitaji ulijibu swali, bwana."

"Nimelijibu, mama," Duane akasema, na kwa jinsi alivyoelewa yeye, alikuwa amelijibu, tena kwa gharama kubwa kuliko kitu chochote alichowahi kukitoa. Hakimu alisubiri kidogo. Kisha akavaa miwani, akashukuru wote, akasema uamuzi utakuja kwa barua.

* * *

Walirudi bila redio. Maili sitini, vilima vya majani makavu kushoto na kulia. Walipovuka mto Duane akasema, "Ulinipa neno lako."

"Nilikupa."

"Sasa?"

"Sasa nimelivunja. Nenda kanishitaki. Wakili unamjua, na hakimu umekwishamzoea."

Duane akageukia dirisha. Bega lake lilitikisika mara moja, na Arlys hakuweza kujua ni kicheko au ni barabara.

Nyumbani walikuta bakuli la tambi na nyama limefunikwa kwenye ngazi, jina la mke wa Gib limeandikwa kwenye plasta chini yake, na kuni zimepangwa ukutani. Gib mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Tangu ajali huja wakiwa hawapo, anatengeneza senyenge, anakata kuni, anakimbia kama mwizi. Hajawahi kusema pole. Pole ingekuwa ni kukiri kwamba mwenzake ameumia. Arlys alikula sahani mbili akiwa amesimama. Duane alisema hana njaa.

* * *

Barua ilikuja Oktoba tarehe kumi na nane. Sanduku la posta lipo barabarani, maili moja na nusu kutoka nyumbani, na Arlys aliifungulia humo humo ndani ya gari, injini inanguruma. Akaisoma mara mbili. Kisha akaenda nyumbani, akaiweka mezani mbele ya mumewe, akaenda kuosha chombo kilichokwishaoshwa.

"Miwani yangu sijui iko wapi," Duane akasema. Ilikuwa mfukoni mwake.

Arlys akafuta mikono, akasoma. Ilikuwa kurasa saba, ila kiini chake kilikuwa kwenye ya tano. Hakimu aliandika kwamba ushahidi wa mke ulisemwa kwa moyo na haoni sababu ya kuudharau. Hata hivyo, mdai mwenyewe, ambaye mahakama imemwona kuwa mkweli na asiyetia chumvi, aliyakadiria maumivu yake kuwa mawili kati ya kumi katika ziara kumi na nne mfululizo, akathibitisha hivyo chini ya kiapo, na alipopewa nafasi ya kusahihisha hakusahihisha. Mahakama inayapa maneno ya mdai uzito kamili. Ombi limekataliwa. Anaweza kukata rufaa ndani ya siku sitini.

"Rudia hapo," Duane akasema.

"Wapi?"

"Pa mkweli."

Arlys akarudia. Duane alisikiliza na kichwa ameinamisha, kama kanisani. Maisha yake yote alitaka kitu kimoja, kwamba neno lake litoshe bila karatasi. Aliwahi kuuza farasi kwa kupeana mkono tu na akampeleka kwa mnunuzi katikati ya dhoruba, maili thelathini, kwa sababu siku aliyoitaja ilikuwa imefika.

"Kwa hiyo wameniamini," akasema.

"Wamekuamini, Duane."

Akaitikia kwa kichwa. Baada ya muda akasema, "Pale mbele yake nilifungua mdomo, Arlys. Neno lilikuwepo kabisa. Sikujua linasemwaje."

Arlys aliikunja barua. Alitaka kumpiga, na alitaka kumshika kichwa. Akafanya la tatu: akaenda ghalani kuleta maboksi.

Rufaa Bi Pacheco aliipeleka kesho yake, akasema kwa kasi ya siku hizi itasikilizwa baada ya mwaka, labda na nusu. Alisema pia pole. Alikuwa mtu wa mjini, neno hilo halikumpa shida.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi Bwana Lindgren alikuja na futi kamba. Mke wa mfanyakazi mpya alitaka vipimo vya madirisha ashone mapazia mapema. Lindgren alisema hayo akiwa bado hajashuka vizuri kwenye gari, kwa aibu, maana naye si mtu mbaya; nchi hii imejaa watu wasio wabaya. Arlys alikuwa ndani akifunga sahani kwenye magazeti, dirisha liko wazi. Duane alikuwa amekaa ngazi ya mlangoni, buti moja limevaliwa, la kulia limelazwa pembeni. Asubuhi ile walijaribu mara tatu wakaliacha.

"Vipi, Duane," Lindgren akasema. "U mzima?"

Duane akafungua mdomo. Jibu analo tangu utoto, lingetoka lenyewe kama mbwa anayeijua njia. Halikutoka.

"Naumwa," akasema. "Naumwa sana, Craig. Hapa, mpaka huku, mpaka kwenye meno. Usiku silali. Juzi nililia."

Alilisema bila haraka, kama anavyotoa ripoti ya ng'ombe waliopotea. Ndani, mikono ya Arlys ilisimama juu ya sahani.

Lindgren alibaki na futi kamba mkononi. Amezaliwa huku, amekulia huku, amewauliza watu hali mara elfu kumi na hajawahi kujibiwa. Alimtazama Duane, akatazama soksi, akatazama buti. Kisha akageuza uso upande wa magharibi, kule vilimani, akakaza macho kwa muda mrefu.

"Wanasema theluji itawahi mwaka huu," akasema.

Duane naye akatazama huko.

"Huenda," akasema, akajivuta pembeni mwa ngazi, mkono huu kisha ule, ili bwana yule apate nafasi ya kupita kupima madirisha.